Mfuko wa saruji juu ya mizani

Tangu Serikali ihamie huku, Dodoma hakuna mtaa usiojengwa. Juzi lori lilikuwa linashusha saruji kwa jirani yangu hapa Nzuguni, mfuko mmoja ukapasuka, na upepo wetu mnaujua. Wenzangu walikimbilia nguo zao kwenye kamba. Mimi nilibaki mlangoni na ndoo mkononi. Harufu ile ilikuwa imenirudisha Kongwa, Julai 2009.

Nilikuwa karani wa mizani wa kikundi chetu cha wakulima. Mizani yenyewe tuliichangia ili tuachane na lumbesa, lile gunia lenye kilemba ambalo mnunuzi hulihesabu moja huku limebeba madebe ya ziada. Tulipoihamishia ghala la pili niliiangusha kutoka kwenye mkokoteni. Mshale ukagoma kurudi kwenye sifuri. Nikakaza skrubu kwa bisibisi mpaka ukakaa, nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka 22, na kazi ile ndiyo iliyomlipia mdogo wangu ada.

Siku ya tisa akaja bibi mmoja, gunia lake likasoma kilo 94. "Mjukuu wangu," akasema taratibu, "hili nimelijaza kwa debe langu mwenyewe. Mwaka jana, madebe hayo hayo, lilifika mia."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mahindi yake yalikuwa bado nje, kwa kuwa siku zote alipima wa mwisho. Akaondoka bila neno mpaka kule wanakijiji walikokuwa wanajenga darasa, akarudi na mfuko wa saruji begani. Mzee yule, na aliyetaka kumpokea alimkatalia. Mfuko umeandikwa kilo 50. Akaulaza juu ya bamba polepole. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye 47. Akaunyanyua, akaulaza tena. 47. Nyusi zake zilikuwa zimejaa vumbi, na koti lake leupe upande mmoja.

Akainama. Kwenye ile skrubu bisibisi yangu ilikuwa imeacha mkwaruzo unaong'aa, mpya kabisa kwenye chuma chenye kutu. Aliutazama. Kisha akaweka kidole gumba juu yake, akaufunika, akainua macho kunitazama. Nilikuwa nimefunga daftari, kidole changu kimebaki ndani. Sijui alinitazama muda gani.

Akageukia watu, akawasalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi."

"Mbukwa."

"Mizani imeharibika, na mimi ndiye mliyenipa niitunze. Kila aliyepima tangu tuihamishe atalipwa kilo zake."

Malori ya mnunuzi yalishaondoka zamani na mahindi. Mwenyekiti aliuza fahali wawili, watu wakalipwa, mizani ikapelekwa kukaguliwa. Uchaguzi uliofuata akaangushwa, maana walikuwepo waliosema alikula na mfanyabiashara. Nilikuwa kwenye mkutano ule. Mkono niliunyoosha kumchagua. Mdomo sikuufungua.

Alikuwa mtu wa Azimio la Arusha. Miiko ya 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni, au nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ilipolegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, yeye aliendelea nayo, na vyumba vyake vya uani walilala wageni bure. Kwa miaka mingi nilimsimulia kama mfano wa kiongozi anayebeba mzigo wa walio chini yake. Sasa nami nina watu chini yangu, na sina tena uhakika huo. Mimi alinitumikia, hilo sina shaka nalo. Lakini bibi yule alistahili kujua kilo zake sita zilipotelea mikononi mwa nani, na wanachama walimpoteza mwenyekiti mwema kwa kosa lisilo lake.

Mwaka 2016 nilikwenda kumuuliza. Tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

Akanawa mikono kwanza. "Mwanangu, nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Bibi alikuwa bado hai wakati huo. Nyumba yake iko njiani, ukitoka kwa mzee kwenda kupanda gari. Alikuwa amekaa barazani anapepeta uwele, akaniinulia mkono. Nikamwamkia, nikapita.