Winchi Iliyogoma Kutoka Kwenye Trekta la Magogo

Trekta lilishuka Mombasa juu ya lori, likitoka bara, ambako kazi yake ilikuwa kuburura magogo ya misonobari hadi serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018. Mzee mmoja mwenye vyombo vya baharini alilinunua kwa hesabu inayoeleweka: winchi inayopandisha gogo mlimani itaweza kupandisha mashua ufukweni. Akaliegesha kando ya mkono wa bahari wa Tudor, mambo mengine yakamshika, likakaa hapo miaka mitatu likipigwa na upepo wa chumvi. Siku alipolihitaji, injini iliitika vizuri. Ngoma ya winchi, ile inayoviringisha waya wa kuvutia, haikuzunguka hata kidogo.

"Fundi, itatengenezeka?"

"Nikiitoa, Mzee, nitaitengeneza. Kwanza itoke."

Ni Caterpillar D4 ya zamani, yenye nyayo za cheni. Winchi yake haining'inii kama vifaa vya trekta la shamba. Imefungwa kwa boliti moja kwa moja nyuma ya kasha la gia, na nguvu inaifikia kwa shafti fupi yenye meno. Kwa hiyo vinavyoishika ni vitu vitatu: boliti, pini mbili za kuilenga ikae sawa, na meno ya shafti. Watu wengi hufungua boliti tu, kisha winchi isipotoka wanachukua nyundo. Kasha ni chuma cha kumimina. Ukilipiga halibonyei, linapasuka, na likipasuka hapo trekta zima limekwenda.

Kuna mtu alikuwa amejaribu kabla yangu. Nati tatu zilikuwa zimeviringika pembe, na sababu niliijua nilipoweka spana ya kwanza. Mashine hizi zimefungwa kwa vipimo vya inchi. Nati zile zilitaka spana ya inchi 1 na 1/8, yaani kama milimita 28.6. Spana ya 28 haiingii, ya 30 inaingia na kucheza, na ikicheza kwenye nati yenye kutu inakula pembe zote. Nilivuka hadi Shimanzi kutafuta boksi, spana ya kuvisha juu ya nati, ya inchi yenye pembe 6, si ile ya pembe 12, kwa kuwa ya 6 inakumbatia ubapa wa nati badala ya ncha zake.

Siku ya kwanza hatukufungua chochote. Kijana wangu alikwangua matope, na chini yake akakuta magome ya misonobari yameshikana na utomvu na grisi, magumu kama lami. Nikafungua kizibo cha oili. Yalitangulia maji, kisha ukafuata uji mweupe kama maziwa: maji na oili vimechanganyika, maana sili ya shafti imekufa. Hapo nilijua ndani kuna kutu pia. Waya wa winchi ulikuwa bonge moja kwenye ngoma. Tuliukata kwa grinda vipande vifupi, tukiwa na glovu za ngozi, kwa sababu nyuzi za waya uliochakaa zinachoma kama sindano.

Jioni nilichanganya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikadondoshea kila nati. Mchanganyiko huu hujitenga ukiacha utulie, basi tikisa chupa kila unapotumia. Asubuhi nikarudia, jioni tena.

Siku ya tatu akaja mchomeleaji na mitungi yake. Kizibo cha oili nilikiacha wazi ili mvuke usijifungie ndani, ndoo mbili za mchanga zikawa karibu, na vitambaa vyote vya mafuta tukavitoa. Moto tuliuelekeza kwenye nati, si kwenye kasha, mpaka ikaanza kuwa nyekundu iliyofifia. Kisha tunaiacha ipoe kiasi na kuigusisha mshumaa: nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi za nati. Nati sita zilifunguka hivyo. Zile tatu zilizoviringika, mchomeleaji alizichomelea nati kubwa juu yake, na joto lile la kuchomelea likawa dawa yenyewe. Niliposikia ya tisa ikilia "kra!" na kuanza kuzunguka, nilishusha pumzi.

Winchi haikutoka.

Kasha lake lina matundu mawili yenye nyuzi, ya boliti za kusukumia: ukizikaza zinaisukuma winchi itoke. Nilikaza zamu kwa zamu, robo mzunguko kila upande. Juu pakafunguka milimita 4, chini hata ukucha haupiti. Mzee akaniuliza kama alete nyundo ya ratili kumi na nne. Nikamwomba, "Mzee, tafadhali, hapana. Kuna kitu bado kinaishika." Nililala chali chini ya trekta na tochi, nikakwangua kwa bisibisi yale magome yaliyobaki kwenye kona, na hapo ndipo nati ya kumi ilipokuwa, imezikwa kabisa. Ningeendelea kukaza zile boliti za kusukumia, ningevunja sikio la kasha kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya hiyo ikasogea sentimita 2, ikakwama tena. Safari hii ni meno ya shafti, na kilichoyakamata si kutu peke yake. Winchi ina uzito unaopita nusu tani kwa makadirio yangu, na ilikuwa inaning'inia kwenye cheni ya kunyanyulia, juu ya mapau matatu ya bomba nene. (Mzee alitaka tuitundike kwenye tawi la mwembe. Nilikataa.) Cheni ikilegea, winchi inalalia shafti, ikikazwa mno, inainyanyua shafti juu. Kote kuwili meno yanabana. Nikamweka kijana kwenye cheni, mimi mkono juu ya mwanya.

"Shusha kiungo kimoja. Simama. Nusu tena."

Mwanya wa juu na wa chini ulipolingana, nikaweka gia huru na kumwambia mchomeleaji aitikise winchi kwa mtaimbo, kushoto, kulia, polepole. Mara ya nne au ya tano ikateleza mpaka nje, bila pigo hata moja, na shafti ikabaki inang'aa kwa oili yangu upande mmoja na nyekundu kwa kutu upande wa pili.

Tuliishusha juu ya magurudumu ya gari kuukuu. Ndani, ukanda wa breki ulikuwa umegandamana na ngoma, na beringi moja imeliwa; gia zote zilikuwa nzima. Niliutenganisha ukanda kwa kabari za mbao. Mzee alisogea, akashika ngoma kwa mikono miwili, akaisukuma. Ikazunguka.