Dakika Tatu za Lusaka

Niliondoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA kwenda kupiga picha za kupatwa kwa jua kikamilifu huko Lusaka, kamera yangu ya filamu nimeizungushia blanketi isiumizwe na mtikisiko, tukapita Mlimba na Makambako, tukavuka mpaka wa Zambia hapo Tunduma, na baada ya kilomita 1,860 nikashuka Kapiri Mposhi kupanda basi la Lusaka. Njia nzima nilipiga hesabu. Lenzi ya milimita 500 huchora kwenye filamu jua lisilofika upana wa milimita 5, na mwanga wa sehemu zake haulingani hata kidogo: ndimi za gesi zinazochomoza ukingoni zinatosheka na sehemu moja ya 500 ya sekunde, ilhali sehemu ya nje ya taji, ule mwanga hafifu unaolizunguka jua, haishikiki pasipo kuacha shata, yaani kilango cha kamera, wazi sekunde nzima. Hakuna picha moja inayoweza kubeba vyote.

Alhamisi, 21 Juni 2001, kipupwe kilikuwa kimefagia anga, hapakuwa na wingu. Nilipiga picha za madoa ya jua kupitia kichujio, huku chini ya mwembe kila tundu la mwanga lililopenya majani likigeuka hilali ndogo mchangani. Saa tisa na dakika kama tisa alasiri cheche ya mwisho ilizimika, nikaondoa kichujio.

Jua lilikuwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, kwa hiyo taji lilichanua pande zote, tofauti na miaka ya utulivu ambapo hunyooka zaidi kuelekea pande mbili. Sayari ya Mshtarii iling'aa jirani. Nilianza na ukingo wa mashariki, kwa sababu mwezi hufunika ndimi za upande huo kwanza na kufichua za magharibi mwishoni. Nilijua hivyo, nami nilikuwa nimepanga kuweka akiba ya picha sita; lakini mkono ulikimbia, na ulimi mwekundu wa magharibi ulipoanza kujitokeza, filamu ya picha 36 ilikuwa imekwisha. Niliutazama kwa macho mpaka nuru ya kwanza ilipochomoza kama almasi.

Filamu iliposafishwa, picha za mashariki zilionyesha ulimi mmoja ukipungua fremu kwa fremu nyuma ya mwezi. Wa magharibi umo katika daftari langu tu, niliouandika palepale mchangani: mwembamba, mwekundu kama punje ya komamanga.