Dada aliporudishwa kundini

Leo nimesali ibada ya kwanza, ile ya saa moja asubuhi. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mwaka huu nimeshakwenda mara kadhaa, ila leo ndiyo mara ya kwanza sikutoroka kabla ya matangazo. (Matangazo ya usharika huu ukiyavumilia hadi mwisho, Kwaresma umeshaifunga nusu.)

Nimezaliwa Machame. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika kwetu 1893, kwa hiyo hadi nazaliwa mimi, mtu akikuuliza "unasali wapi?" alitaka kujua mtaa gani wa usharika, si dhehebu gani. Nilipata kipaimara 1995, nikiwa nimeikariri Katekisimo Ndogo ya Luther kama meza ya hesabu. Baada ya kila amri linakuja swali: maana yake nini? Tulijibu kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, mwinjilisti akizunguka na kijiti cha mbuni mkononi. Sikumbuki yeyote kati yetu aliyewahi kuuliza swali la kwake.

Mwaka uliofuata dada yangu akapata mimba yuko nyumbani. Akatengwa. Hakuna Chakula cha Bwana, na mtoto asingebatizwa mpaka mama yake arudi kundini. Jumapili ya kurudishwa alisimama mbele peke yake, amevaa gauni la bluu la kuazima. Mtoto alikuwa kwa mama, benchi la tatu. Mchungaji akiwa katikati ya kusoma, mtoto akaanza kulia, na maziwa yakamtoka dada. Nililiona lile doa likitanuka kifuani. Hakulifunika, mikono ameiacha chini vilevile. Baba wa mtoto alikuwa hatua chache pembeni, kwenye kwaya, anaimba besi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku ile ndiyo nilianza kuondoka kanisani, ingawa miguu ilichelewa miaka kadhaa.

Nilipofika chuo Dar es Salaam nikapata na maneno ya kuuelezea uamuzi wangu: dini ililetwa na wakoloni, bahasha za ahadi haziishi, jengo halikamiliki. Hoja nyingine bado ninazo. Lakini nilizitumia vibaya, hasa kwa mama. Mwaka 2011, nchi nzima ilipokuwa inakimbilia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba, mama naye alikwenda kwa sababu ya sukari yake. Kikombe shilingi 500. Nauli ndiyo iliyokula akiba. Nilimpigia simu nikamsomea somo zima. Akanisikiliza, kisha akaanza kunisimulia foleni: walivyolala njiani siku mbili, mama mmoja wa Kiislamu aliyewagawia maandazi, wao wakampa blanketi usiku, na hakuna aliyeuliza mwenzake anasali wapi. Nikamkatisha. "Mama, vidonge unameza au humezi?"

Sukari haikupona, na vidonge aliendelea navyo, namshukuru Mungu. Kuhusu dawa nilikuwa sahihi. Foleni ndiyo sikutaka kuisikia, na siku hizi ndiyo ninayoikumbuka.

Desemba iliyopita nilipanda Moshi kama kawaida yetu Wachaga. Nikamkuta dada mezani, miwani puani, anapanga bahasha za sadaka kwa namba za washarika. Ni mzee wa kanisa, kipindi cha pili sasa. Nilikuwa nalijua hilo, ila sikuwahi kumuuliza. Nikamuuliza anawezaje, baada ya yale.

"Yale yapi?"

Nikashindwa kuyataja. Akaendelea kupanga bahasha.

"Mdogo wangu, wewe ulikasirika. Ulishaniuliza mimi nilikuwaje?"

Akaniambia kwamba siku hizi kesi ya binti ikiletwa kwenye baraza la wazee, yeye huuliza kabla ya mtu mwingine: na kijana yuko wapi? Mara mbili kesi imeishia hapohapo. Kuna wazee hawampendi kwa hilo. Alicheka kidogo, akanituma chai.

Sijui niseme nimerudi. Imani ya Mitume naisema mpaka mahali fulani, kisha nanyamaza nasikiliza wenzangu wakimalizia. Zamani ningeuona huo ni unafiki. Sasa naona kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nalipa kisasi cha mtu ambaye hakunituma.

Leo wakati wa kutoka, mzee mmoja wa zamu aliniuliza namba yangu ya bahasha. Nikamwambia sina. "Basi chukua hii, ya mgeni." Iko hapa mezani, tupu, sijaandika jina. Nimeipiga picha nikamtumia dada WhatsApp.

Amejibu sasa hivi: "Matangazo ulikaa?"