Mama mdogo alikuwa mpangaji: tulivyofuatilia msaada wa mafuriko Ujiji

Nyumba ikianguka kwa mvua, mwenye nyumba anaandikwa. Mpangaji je? Mama yangu mdogo alikuwa mpangaji, na kazi yote niliyoifanya baada ya mafuriko ilikuwa kuhakikisha jina lake linaingia kwenye orodha ya mtaa. Naandika kwa sababu kila msimu naona watu wa hali yake wanaachwa, na wengi hawajui waanzie wapi.

Alipanga Ujiji, upande wa chini kuelekea ziwani. Sisi wa Kigoma tunajua jinsi maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda miaka hii tangu 2020. Waulize watu wa Kibirizi na Katonga. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likishajaa linakaa hivyo muda mrefu. Ardhi ya chini inabaki imelowa, halafu inakuja mvua ya usiku kucha. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi. Ukuta wa nyuma ulinyonya maji kutoka chini hadi ukalala, na choo kikatitia. Mama mdogo alitoka na watoto, godoro moja na mfuko wa nailoni wenye vyeti vya kuzaliwa. Nikawachukua kwangu Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini.

Kwetu ndugu hakai nje wakati una chumba. Lakini kumbe hapo ndipo jina linapopotea. Walioandikisha waathirika waliwaandika waliohifadhiwa shuleni, wakawaandika na wenye nyumba. Mama mdogo alipoenda kuuliza, akajibiwa, "Wewe si umeshapata pa kulala?" Iliniuma sana. Mtu amepoteza unga, sufuria, sare za watoto na cherehani aliyokuwa akitafutia riziki, halafu anaonekana hana shida kwa sababu ana ndugu.

Tulianza na balozi wa nyumba kumi. Wengi wanampita balozi wakiona hana ofisi wala muhuri, lakini ndiye anayejua nani alilala chumba kipi. Mzee yule alivaa kofia yake, akatuongoza mwenyewe hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Karibuni."

Balozi hakusubiri nijieleze. "Huyu mama ni mtu wangu. Alikuwa chumba cha uani, na watoto wake wote nawajua kwa majina. Umeandika nyumba, hukuandika watu waliokuwa ndani."

Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akafungua kaunta buku. Kila mstari ulikuwa na jina la mwenye nyumba, sehemu iliyobomoka na sahihi. Akageuza ukurasa mpya, akaanza kumwandika mama mdogo: jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu, watu katika kaya, wangapi ni watoto wadogo, yuko wapi sasa. Hilo la mwisho ni la muhimu mno. Usipoacha anwani ya ulikohifadhiwa na namba inayopatikana, msaada utafika na wewe hutaitwa.

Nilikuwa na picha kwenye simu, zilizopigwa kabla vifusi havijazolewa. Moja inaonyesha nyumba nzima pamoja na ya jirani, ili anayeijua mitaa ile aitambue. Nyingine inaonyesha vyombo ndani ya tope. Mtendaji wa mtaa alizitazama, akagonga muhuri kwenye barua ya utambulisho. Nikatoa nakala, maana karatasi ya serikali ikienda mkono kwa mkono inaweza isirudi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya, kushuka hadi kata na kijiji au mtaa. Orodha nayo inapanda kwa ngazi hizo. Ukiruka kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya, utaulizwa barua ya mtaa. Kwa hiyo tulikimbilia kwa mtendaji wa kata kabla orodha haijapelekwa juu, na tulienda na wapangaji wengine wa nyumba zile. Mtu mmoja anaweza kuambiwa arudi kesho; kundi la akina mama wenye watoto mgongoni linasikilizwa.

Katika kusubiri huko, watu walikula kwa nguvu ya majirani. Msikitini ilitangazwa baada ya swala ya Ijumaa, na Wakristo wakachangishana kwenye jumuiya zao. Mchele, nguo, sufuria vilipatikana hivyo, bila fomu. Nilichosisitiza mimi ni mchango wa fedha uandikwe kwenye daftari na usomwe mbele ya watu, kwa sababu minong'ono ya nani kala nini inaua moyo wa kutoa. Na tulihimizana kuchemsha maji. Vyoo vikititia karibu na visima, kipindupindu hakiko mbali.

Msaada wa serikali ulipofika, mama mdogo aliitwa kwa jina. Alipata unga, maharage, blanketi na ndoo. Afisa ustawi wa jamii alieleza wazi kwamba huo ni msaada wa kibinadamu, si fidia ya nyumba wala ya mali. Ni vizuri ukalijua hilo mapema, usije ukakaa ukingoja cherehani mpya. Huyo huyo afisa ndiye aliyeniambia kwamba kaya iliyoporomoka kipato inaweza kufikiriwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ila majina hupitishwa na mkutano wa hadhara wa mtaa wakati wa utambuzi, kwa hiyo mtu asiache kuhudhuria.

Cherehani tuliipata kwa mkopo wa kikundi chake cha vikoba. Chumba amepanga Gungu, juu, mbali na maji. Siku aliyohamia tulipitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa mpya, akaandikwa kwenye daftari la wakazi yeye na watoto wake wote, ndipo tukashusha godoro.