Nilivyohamisha mazoezi ya watoto kutoka alasiri hadi asubuhi

Nafundisha soka watoto wa mtaani kwetu Mbezi kila Jumamosi. Mmoja ana pumu, na mazoezi ya saa tisa alasiri yalimtesa: akikimbia kidogo kifua kinabana, anaomba inhela. Wazazi wakataka tuhame uwanja, tusogee mbali na Barabara ya Morogoro.

Nikawakatalia. Jua kali likikutana na oksidi za naitrojeni, yaani gesi zitokazo kwenye moshi wa magari, pamoja na mivuke ya petroli na rangi, inatengenezeka gesi ya ozoni. Siyo ile ya juu angani inayotukinga na mionzi. Hii ya chini inaunguza mapafu. Inajengeka taratibu na kupanda mno mchana hadi alasiri, saa ambazo upepo wa bahari unaisukuma hewa ya mjini kuja huku kwetu. Kandokando ya barabara yenyewe ozoni huwa pungufu, kwani moshi mbichi wa magari unaila. Tungehama, tungeifuata. Barakoa nayo haisaidii, hii ni gesi.

Basi tukahamia saa moja asubuhi. Kumbe saa hiyo ndiyo watu wanachoma majani! Nikapita nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja aliitikia shikamoo yangu, akanishushua papo hapo: "Nikiyaacha, nyoka wataingia. Utakuja kuwaua wewe?" Tulikubaliana watoto wayazoe baada ya mazoezi, wayatupe kwenye shimo la mboji.

Bibi huyohuyo akanionyesha kunde zake. Majani ya chini, yale makongwe, yalikuwa na vidoti vya kahawia upande wa juu, kati ya mishipa. Nikayageuza kutafuta utitiri, vidudu ambavyo navyo huacha vidoti: hamna. Dalili za ozoni ndizo hizo, na kunde ni katika mazao yanayoumia upesi. Gesi inaingia kwa vitundu vilevile ambavyo jani linavutia kaboni dayoksaidi. Jani likiumia, linavuta kidogo, na kaboni hiyo inabaki hewani ikiongeza joto la dunia. Wakati huohuo ozoni yenyewe inazuia joto la dunia lisitoke, na methani, gesi ya taka zinazooza madamponi, inaiongeza ozoni. Hasara juu ya hasara, na misitu kama ya Pugu haina pa kukimbilia.

Mtoto sasa anamaliza mazoezi, inhela ikiwa kwenye begi. Tatizo limebaki kwenye mechi za mashindano, ambazo hupangwa saa kumi. Siku hizo namweka golini. Ananuna, anasema kocha ananionea, lakini penalti mbili ameshadaka.