Laptopu ya GB 32 na apdeti inayodai nafasi ambayo haipo

Zile laptopu ndogo nyepesi za diski GB 32 zimejaa sana hapa Mwanza. Watu wanazipenda, bei yake inaeleweka, chaji inakaa, na ukiwa kwenye daladala ya Nyegezi unaipakata tu bila shida. Shida inakuja pale Windows inapotaka kujiapdeti toleo jipya, inakwambia nafasi haitoshi, unafuta picha, haitoshi, unafuta nyimbo, haitoshi tena, mwisho unaacha, na kila asubuhi inakukumbusha tena kama mtu anayekudai hela ya mchango.

Dada yangu ana stesheneri huko Nyegezi, anachapa, anatoa kopi, anawajazia wanafunzi fomu za mkopo, na laptopu yake ndo hiyo hiyo ya GB 32. Ilikuwa imekwama kwenye Windows 10 toleo la 1909, yaani la 2019. Sasa ujue Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila wakaweka mpango wa kuendelea kupokea apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, na unaweza kuupata bure ukiwa na akaunti ya Microsoft ukaruhusu setingi zako zihifadhiwe kwao, au ukalipa dola 30. Sharti lake ni uwe kwenye toleo la mwisho, 22H2. Kama upo kuanzia toleo la 2004 kupanda juu, kufika 22H2 ni kamzigo kadogo tu kwa sababu matoleo hayo yote msingi wake ni mmoja, ila ukiwa 1909 au chini ya hapo inabidi mfumo mzima ubadilishwe, na hapo ndo nafasi inapodaiwa kwelikweli.

Fundi mmoja mjini alimwambia, "dada hii tupige Windows upya tu, hamna namna nyingine". Mi sipendi hiyo kauli kabisa, mana kupiga upya ni kupoteza programu zote, draiva ya printa, na vile vitu ambavyo mtu hakumbuki kama anavyo mpaka siku anavitafuta. Nikamwambia dada ngoja kwanza, niletee hiyo mashine.

Kwanza tuelewane hiyo GB 32 yenyewe. Ukifungua unaona imeandikwa kama 29 hivi, sio kwamba umeibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Hapo toa ya mfumo wenyewe, toa Office, toa kale kasehemu ka kurudishia mfumo ukiharibika, kinachobaki ni cha kuchungulia. Na Microsoft wenyewe tangu toleo la 1903 walisema kompyuta mpya iwe na angalau GB 32, kwahiyo hizi mashine zinapumulia puani tangu dukani.

Ndo mana kufuta picha hakusaidii sana. Picha za dada zote hazikufika hata GB 1. Mzigo ulikuwa sehemu zingine kabisa. Folda ya Downloads ilikuwa na kadi za harusi, PDF za kamati, CV za wateja wa tangu enzi hizo, na video za WhatsApp ambazo kila mtu alizituma mara mbili. Hizo zikahamia kwenye memori kadi. Afu nikafungua Disk Cleanup, ila sio ile ya juu juu, kuna kitufe cha kusafisha faili za mfumo, ukikibonyeza inahesabu upya na inakuonyesha mabaki ya apdeti za zamani, hapo ndo unakuta giga za maana. Usibonyeze tiki zote kama kipofu lakini, kuna mahali inaorodhesha folda ya Downloads pia, na kama kazi za wateja zimo humo zinaondoka bila kwaheri.

Baada ya hapo nikazima ile hali ya kulala ya haibanesheni, unafungua lile dirisha la komandi (Command Prompt) kama admini unaandika powercfg /h off. Lile faili lake linakula sehemu kubwa ya ukubwa wa RAM yako, kwahiyo kwenye mashine ya RAM GB 2 unapata chini ya giga moja, ila kwenye njaa hata punje ni chakula. Hasara yake mashine inawaka polepole kidogo asubuhi. Kuna na komandi ya kuibana Windows yenyewe, compact /compactos:always, inachukua muda, iache ifanye kazi yake, inaweza kukurudishia kama GB 2.

Kitu kimoja nakuomba usikiguse, ile folda ya WinSxS, ghala la faili za Windows yenyewe. Watu wanaiona kubwa, wanasema huyu ndo mchawi, wanaanza kufuta kwa mkono. Ukubwa wake unaouona ni wa uongo kwa sehemu, faili nyingi humo ni zile zile zinazoonekana kwenye folda zingine za Windows, zinahesabiwa mara mbili tu. Ukifuta humo ndo utarudi kwa fundi akupigie upya kweli.

Pamoja na yote hayo nafasi bado haikutosha! Na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wakati jibu lipo kwenye skrini yenyewe. Windows ikikosa nafasi ya apdeti kubwa inakupa chaguo la kutumia diski ya nje, unachomeka flashi au eksitenali yenye nafasi wazi ya GB 10 hivi, unaichagua, na yenyewe inaitumia kama kibaraza cha kuwekea vitu wakati inahamisha. Wengi wanafunga huo ujumbe bila kuusoma. Flashi usiichomoe mpaka imalize kabisa, na hata ikimaliza usiiformati haraka, mana ukitaka kurudi toleo la zamani utaihitaji.

Kuhusu bando, mi sikuacha laptopu ijidaunlodie yenyewe. Nilitumia ile programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi ya Windows, inahitaji flashi nyingine ya GB 8 (na inafuta kila kitu kilichomo, sikia hapo), nikadaunlodi kwa kifurushi cha usiku kwenye kompyuta nyingine, nikachomeka kwa dada nikafungua setup nikachagua kubaki na faili na programu zote. Flashi hiyo hiyo sasa hivi ipo Kirumba kwa binamu naye anahangaika na yake. Hakikisha tu chaji imejaa na waya upo kwenye umeme, diski za aina hii ni taratibu sana, ile asilimia inaweza kuganda mpaka ukadhani imekufa, we iache.

Flashi nayo uwe makini unaponunua. Zile za GB 512 zinazouzwa barabarani kwa bei ya sahani ya sato ni feki, zimechezewa zionyeshe namba kubwa lakini ndani ni ndogo, ukijaza zaidi ya uwezo wake halisi faili zinaonekana majina tu, ukifungua hamna kitu. Kuna kaprogramu ka bure kanaitwa H2testw, kanaijaza flashi yote kisha kanaisoma tena, kanakwambia ukweli. Kapime kabla hujaweka kazi ya mtu.

Kwa wanaouliza Windows 11, kwa mashine hii sahau. Inataka diski GB 64, RAM GB 4 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na hata ukitumia njia za panya kuiingiza utaishi kwenye shida ile ile kila apdeti. Lubuntu, mfumo wa bure mwepesi unaowekwa badala ya Windows, ingemfaa mtu wa kuperuzi na kuandika tu, ila wateja wa dada wanaleta dokyumenti za Word zenye mipaka na jedwali zilizopangwa kwa milimita, zikifunguka vibaya ugomvi ni wake, kwahiyo tumebaki na Windows 10.

Imepanda 22H2, printa inafanya kazi, kila kitu kipo. Windows.old, ile folda inayobaki na Windows ya zamani, inajifuta yenyewe baada ya siku 10, sisi tuliiacha mpaka tulipoona yuko sawa. Jana kaniuliza akipata hela anunue ipi ili Oktoba 2026 isimkute hapo hapo. Nimemwambia akifika dukani asiulize rangi wala inchi, aulize kama diski ni SSD au eMMC, kwa sababu hiyo eMMC imechomelewa kwenye bodi na huwezi kuitoa ukaweka kubwa, aulize kama Windows 11 inakubali bila ujanja, na akiambiwa GB 256 afungue aone mwenyewe kabla hajatoa hela.