Ngazi za Fernando Wood

Mzigo wangu wa mwisho wa asubuhi nashusha kwenye mgahawa mmoja karibu na daraja la Brooklyn: vitunguu, mafuta, makopo ya nyanya. Nikishasainiwa karatasi nabaki na kama dakika 40 za kwangu. Nakwenda bustani ya City Hall, nakaa kwenye benchi na chapati zangu mbili ndani ya foili, natazama ofisi ya meya wa New York. Jengo jeupe, lilifunguliwa 1812, si refu, ila ngazi zake za mbele ni pana. Miaka mingi nimezitazama ngazi zile kama ninavyowatazama njiwa. Tangu Januari siwezi tena.

Kisa ni hita. Nyumba tunayopanga huku Bronx, hita ilikufa katikati ya baridi. Mwenye nyumba hapokei simu. Nikapeleka malalamiko kunakohusika, nikapewa namba yenye tarakimu kibao, na msaada ukaishia hapo. Jumamosi nikamchukua binti yangu tukaenda maktaba ya mtaa kuota moto. Yeye akazama kwenye vitabu vya farasi. Mimi nikachomoa kitabu cha rafu iliyokuwa jirani na bomba la joto, historia ya mameya wa jiji, nikakifungua katikati. Hapo nikakutana na Fernando Wood. Aliingia ofisini Januari 1855, na katika mambo yake ya mwanzo akaweka daftari la malalamiko. Raia yeyote aje aandike: mtaa umejaa taka, polisi mzembe. Nikacheka peke yangu hadi binti yangu akaona aibu.

Magazeti yalimsifu, yakamwita meya wa mfano. Waliomjua zamani walikuwa wamekaa kimya wanasubiri. Wood alikuwa mfanyabiashara wa meli, na dhahabu ilipoonekana California alipeleka huko shehena ya bidhaa kwa ubia na shemeji yake, akamletea shemeji hesabu za uongo. Kesi ya jinai ilikufa kwa sababu muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kwa hiyo jiji lilijua linamchagua nani. Hata hivyo mwaka 1854 alishinda kwa theluthi moja tu ya kura, wapinzani wakiwa wamegawana zilizobaki.

Jioni nilimpigia mjomba Tanga. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa mtaa miaka mingi, siasa za chini anazijua kuliko za Dodoma.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hita imepona?"

"Bado. Mjomba, nimesoma habari za meya mmoja wa zamani wa huku, mwizi haswa."

Nikamweleza Tammany Hall, yaani mtandao wa chama cha Democratic pale mjini. Mwairishi anashuka melini na njaa yake, hajui mtu. Mtu wa chama wa kata anamtafutia kibarua, anamletea makaa ya mawe, anamdhamini mwanawe polisi. Uchaguzi ukikaribia, mahakimu wanagawa uraia kwa mafungu. Siku ya kura kuna vijana wa kazi mlangoni, wa kukutia moyo au kukuvunja meno. Kufikia 1860 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 800,000, na karibu robo yao walizaliwa Ireland. Hesabu ya kura ni hiyo.

"Ndiyo takrima," mjomba akasema, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake. "Sasa niambie, waliokuwa wakimsema mwizi, wao walimpelekea nani makaa?"

Sikuwa na jibu. Wood alikuwa na ulaji wa kugawa, na mkubwa kuliko wote ulikuwa polisi. Kazi ya polisi ilipatikana kwa chama, na kwenye kampeni ya 1856 polisi walichangishwa fedha za kumrudisha meya. Akarudi. Wapinzani wake wa Republican, walioshika bunge la jimbo kule Albany, wakaamua kumkata mkono. Mwaka 1857 walitunga sheria ya kuunda jeshi jipya la polisi, Metropolitan, lisilo chini yake, na wakamfupishia muhula. Wood akagoma kuvunja polisi wake, Municipal. Ukawa mji mmoja na polisi wa aina mbili. Mhalifu akikamatwa na huyu, yule anaweza kumfungulia.

Ndipo tunafika kwenye ngazi zangu. Juni 16, 1857, gavana alikuwa ameteua kamishna wa barabara, Daniel Conover. Wood alikuwa na mtu wake kwa kiti hichohicho, Charles Devlin, na uvumi ulisema kiti kimeuzwa dola 50,000. Conover akafika City Hall kuanza kazi, polisi wa meya wakamtupa nje. Akaenda kuchukua hati ya kumkamata meya. Hati ikapelekwa na kapteni George Walling, ambaye zamani alikuwa Municipal akahamia Metropolitan. Akaingia peke yake. Meya akamwambia hamtambui kama polisi, akaamuru atolewe, akatolewa mzobemzobe.

Kisha wakaja Metropolitan wenzake kama 50, wamevaa makoti marefu na kofia za kistaarabu, maana hata sare hawakuwa nazo. Milango ikafunguka, Municipal wakamiminika na virungu, wahuni wa mtaa nao wakachomekea ngumi zao. Polisi wanawapasua polisi vichwa, kofia zinabingirika. Pale mtalii anapopiga selfi leo, ndipo damu ilipomwagika. Kilichowaamua ni kikosi cha 7 cha wanamgambo, kilichokuwa njiani kwenda kupanda meli ya Boston. Kikaitwa, kikazunguka jengo, meya akakubali kukamatwa, akaweka dhamana, maisha yakaendelea. Mapema Julai mahakama ya rufaa ikampa ushindi bunge, Wood akavunja jeshi lake, na tarehe 4 magenge ya Five Points, mtaa wa maskini, yakashikana mchana kweupe.

Nakiri kwamba baada ya hapo nilimpenda kidogo. Uchumi ulianguka vuli ileile, maelfu wakakosa kazi, naye akapendekeza jiji liwaajiri kwenye kazi za umma, ikiwemo Central Park, na linunue mapipa 50,000 ya unga wa ngano, pamoja na unga wa mahindi na viazi, wapewe kama sehemu ya malipo. Matajiri wakapiga kelele kwamba anachochea maskini. Desemba akashindwa na mwenye kiwanda cha rangi, Daniel Tiemann, kwa kura zipatazo 2,300. Tammany nayo ikamchoka. Akaanzisha kambi yake, Mozart Hall, akarudi umeya 1860.

Mapenzi yangu yaliishia Januari 1861. Majimbo ya Kusini yanajitenga kwa ajili ya utumwa, Wood analiandikia baraza la jiji kwamba New York nayo ijitenge, iwe mji huru wa visiwa vitatu, Tri-Insula: Manhattan, Long Island na Staten Island. Sababu ilikuwa pamba. Wafanyabiashara wa New York ndio waliokopesha, waliokatia bima na waliosafirisha pamba ya watumwa. Bibi yangu aliita kitambaa cha sanda merikani, na mimi sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa wakiileta Unguja, imefumwa hukohuko Massachusetts kwa pamba ya Kusini. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipoanza ikaadimika, vitambaa vya Bombay vikashika soko.

Lincoln alipoulizwa habari za mji huru, inasimuliwa alitania kwamba mlango wa mbele bado haujawa tayari kuanzisha nyumba yake. Wood aligeuka haraka baada ya Fort Sumter, ngome ya serikali, kupigwa na Kusini, akahutubia mkutano wa Union Square kuunga mkono vita, kisha alipoingia bunge la taifa akarudia tabia: alipinga marekebisho ya 13 ya kufuta utumwa.

Nikarudi kwenye swali la mjomba. Mwairishi wa 1855 hakutakiwa kuwa na mali ili apige kura. Mtu mweusi wa New York alitakiwa awe na mali ya dola 250, hadi 1870. Kwa hiyo mimi na chapati zangu nisingekuwa na kura ya kununuliwa. Makaa yasingefika kwangu.

Nikampigia tena mjomba kumweleza. Akanyamaza kidogo, nikasikia adhana kwa nyuma.

"Na kwenye lile daftari," akauliza, "ungeruhusiwa kuandika?"

Nikamwambia kitabu nilisharudisha. Fundi wa hita alikuja mwezi wa tatu, tumeshaanza kulala madirisha wazi.